Kiunga Ndani ya Jiji: Utulivu wa Mtaa si Haki ya Matajiri Pekee

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Laiti wangeishi Nairobi ya leo, yamkini wangeongeza kwamba nyumba njema si chumba pia, toka nje uutazame mtaa. Aghalabu mkazi wa jiji anayetafuta makao huuliza maswali matatu: kodi ni kiasi gani, maji hutoka siku ngapi kwa wiki, na nauli ya matatu hadi katikati ya jiji ni pesa ngapi. Maswali hayo ni ya msingi na hakuna anayeweza kuyabeza. Hata hivyo, lipo swali la nne ambalo wengi hulimeza kabla ya kulitamka, kwa kudhani kwamba halimfai mtu wa kipato cha kawaida. Swali lenyewe ni hili: je, mtaa huu unakalika? Mtoto anaweza kucheza nje bila mzazi wake kushika roho mkononi? Mzee anaweza kupata kivuli cha kuketi na jirani wa kumjulia hali? Usiku ukiingia, mtu anaweza kulala?

Katika makala haya ninakusudia kutetea rai kwamba mtaa wenye utulivu wa kiunga unaweza kupatikana ndani ya jiji kubwa; kwamba historia ya Nairobi yenyewe inautolea ushahidi; na kwamba kuuchukulia utulivu huo kuwa anasa ya matajiri ni kosa la fikra ambalo tayari limetugharimu mengi.

Tuanze na msamiati, maadamu sisi ni wanafunzi wa lugha. Kiswahili cha mwambao kilikuwa na neno lake mahususi kwa jambo hili. Kiunga kilikuwa ni mahali penye bustani na miti ya matunda, miembe na minazi, palipopakana na mji. Hapakuwa mjini hasa na hapakuwa shambani hasa. Aliyeishi kiungani aliusikia mwito wa mji na bado alilala chini ya mti. Neno hilo bado limo katika kamusi zetu, na vyombo vya habari hulitumia katika wingi wake, vinaposema tukio fulani limetokea katika viunga vya jiji. Sambamba nalo tuna neno kitongoji, ambalo kwa Mkenya lina maana ya makazi yaliyo pembezoni, ilhali kwa jirani yetu Mtanzania ni sehemu ya kijiji kiutawala. Tuna pia mtaa, neno pana linalobeba kila kitu.

Tatizo ni kwamba lugha yetu ya habari imezoea kuugawa mtaa katika ncha mbili tu. Upo mtaa wa kifahari na upo mtaa wa mabanda. Msomaji akisikia Muthaiga huambiwa ni mtaa wa kifahari. Akisikia Mathare huambiwa ni mtaa wa mabanda. Kati ya ncha hizo mbili wanaishi watu wengi mno, walimu, makarani, mafundi, wauguzi, wafanyabiashara wadogo na wanafunzi, nao hawana jina la mahali wanapoishi wala la mahali ambapo wangependa kuishi. Jambo lisilo na jina ni vigumu kulidai. Ndiyo maana napendekeza tulirejeshe neno kiunga katika matumizi ya kila siku, tukimaanisha mtaa wowote wa jiji, uwe wa tajiri au wa mfanyakazi, ambao una miti, una nafasi ya wazi, una njia ya miguu na una ujirani.

Sasa tuitazame Nairobi. Jiji hili lilianza mwaka wa 1899 kama kituo cha reli. Tangu mwanzo, ardhi yake iligawanywa kwa misingi ya rangi. Upande wa magharibi na kaskazini, ambako ardhi imeinuka, udongo ni mwekundu na maji hayatuami, ulitengewa Wazungu, nao wakajenga nyumba moja moja katika viwanja vikubwa. Wahindi walipewa sehemu kama Parklands na Ngara. Mwafrika alielekezwa mashariki, kwenye tambarare yenye udongo mweusi unaoshika maji wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, karibu na reli na viwanda. Tena kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa mpita njia aliyekuja kuuza nguvu zake na kurudi kwao, kwa hivyo alijengewa chumba cha mtu mmoja asiye na mke wala watoto. Mkiyatazama majina ya mitaa hiyo ya mashariki mtagundua kejeli ya historia. Bahati, Maringo, Shauri Moyo, Ziwani, Makongeni: mitaa yenye majina matamu ya Kiswahili ndiyo iliyopimiwa ardhi kwa kijiko.

Hata hivyo, katikati ya ubaguzi huo kulizuka jambo ambalo wengi wetu hatulijui, au tunalijua na hatulithamini. Mnamo mwaka wa 1898 Mwingereza aitwaye Ebenezer Howard, karani wa hatimkato kwa kazi yake, alichapisha kitabu kilichopendekeza miji itakayounganisha manufaa ya mjini na ya mashambani. Miaka 5 baadaye, mnamo 1903, mji wa kwanza wa aina hiyo ulianza kujengwa huko Letchworth, Uingereza. Mwaka wa 1929 Mmarekani Clarence Perry akaongeza wazo la mtaa unaojitosheleza: shule iwe katikati, maduka yawe pembeni, barabara kuu zipite nje ya mtaa badala ya kuupasua, na mtoto aweze kutembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi darasani. Fikra hizo zilifika Nairobi. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika, ulifuata mwelekeo huo. Kisha mpango mkuu wa jiji wa mwaka wa 1948, ulioandaliwa na Thornton White, Silberman na Anderson, ukapendekeza kwamba jiji lote lipangwe kwa mitaa ya namna hiyo.

Sisemi kwamba mkoloni alikuwa na huruma. Mpango wenyewe uliitwa mpango wa mji mkuu wa koloni, na jina lake linatosha kutueleza ulikusudiwa kumfaa nani kwanza. Ninachosema ni kwamba Kaloleni ni ushahidi wa mawe na vigae kwamba mfanyakazi wa kipato cha chini anaweza kuishi kiungani ndani ya jiji. Nyumba zake ni za chini na zimepangwa kuzunguka viwanja vya nyasi na miti. Njia zake zimepinda kwa makusudi ili mwendo wa gari upungue. Pana shule, uwanja na ukumbi wa jamii. Ukumbi huo haukuwa wa dansi na ngumi pekee. Wanasiasa wa Kiafrika waliutumia kuhutubia umma katika miaka ya kudai uhuru, hata ukabandikwa jina la Bunge la Makabwela. Hebu tulitafakari jambo hilo. Mtaa uliowapa watu nafasi ya kukutana uliwapa pia nafasi ya kufikiri pamoja. Utulivu wa mtaa, basi, haumaanishi kimya cha makaburini. Ni ile hali inayomwezesha mtu kumsikia mwenziwe anaposema.

Mfano wa pili ni Buruburu, mtaa uliojengwa kwa awamu 5 kuanzia mapema katika miaka ya 1970 hadi miaka ya 1980, kwa mkopo uliotoka kwa shirika la maendeleo la Jumuiya ya Madola. Ulikusudiwa tabaka la kati la nchi changa: mwalimu, mwandishi wa habari, afisa wa serikali. Siri ya Buruburu ilikuwa ua. Nyumba kadhaa zilitazamana kuzunguka ua mmoja wenye njia moja ya kuingilia, na ua huo ukawa mali ya wote. Gari la mgeni lilitambuliwa, mtoto wa jirani aliitwa kwa jina lake, na mama aliyekuwa jikoni aliona kinachotendeka nje. Wanajamii walilindana kabla ya kampuni za mabawabu kushamiri. Waliokulia humo husimulia mambo hayo kwa hamu, na hamu yao si ya ujana uliopita tu. Wanakililia kitu kilichokuwa kimechorwa kwenye ramani.

Kutokana na mifano hiyo miwili tunaweza kutaja mambo yanayoufanya mtaa kuwa kiunga. Mosi, barabara kubwa haipiti ndani yake. Pili, pana ardhi ya wazi isiyomilikiwa na mtu binafsi, na kila mkazi anajua kwamba ni yake na si yake. Tatu, mahitaji ya kila siku, yaani shule, duka la unga, genge la mboga na zahanati, yamo katika mwendo wa miguu. Nne, madirisha na milango ya nyumba hutazama mahali watu wanapopita, hivi kwamba mtaa una macho. Msomaji atatambua kwamba hakuna hata moja kati ya hayo manne linalohitaji kiwanja cha ekari moja, bwawa la kuogelea au ukuta wenye nyaya za umeme.

Kwa kweli nitakwenda mbali zaidi na kudai kwamba baadhi ya mitaa tunayoiita ya kifahari imekosa sifa za kiunga. Pita katika mtaa wa namna hiyo saa nane mchana. Utaona kuta kushoto na kulia, malango ya chuma, mabango yanayoonya juu ya mbwa wakali, na bawabu aliyeketi kwenye kibanda chake. Hutaona mtoto. Hutaona duka. Mahali pengi hutaona hata njia ya miguu, kwa sababu aliyepanga hakumfikiria mpishi na mtunza bustani wanaofika humo kwa miguu kila alfajiri. Utulivu upo, lakini ni utulivu uliofungiwa ndani ya kila ua, na mkazi wake hulazimika kuwasha gari ili akanunue mkate. Huko si kuishi kiungani. Ni kuishi ngomeni.

Yapo pia maeneo yaliyokuwa viunga yakaacha kuwa viunga mbele ya macho yetu. Kilimani na Kileleshwa zilijulikana kwa nyumba zilizozungukwa na miti mikubwa. Tangu miaka ya 2000, sheria za kanda za ujenzi ziliporegezwa na bei ya ardhi kupaa, kiwanja kilichobeba familia moja kilianza kubeba jumba la ghorofa nyingi. Miti ikakatwa, lakini mabomba ya maji na ya majitaka hayakupanuliwa kwa kasi ile ile. Mashariki nako, sehemu nyingi za Buruburu zimeongezewa vyumba na vibanda vya kukodisha hadi ule ua wa pamoja ukafinyika. Wenye nyumba hawakufanya hivyo kwa ukorofi. Karo na gharama ya maisha ziliwasukuma. Lakini kila mmoja alipojinyakulia hatua mbili za ardhi ya wote, wote walipoteza.

Hapa napaswa kukabiliana na hoja ya upande wa pili, kwa kuwa ina uzito. Sensa ya mwaka wa 2019 iliwahesabu watu 4,397,073 katika kaunti ya Nairobi, ambayo ukubwa wake ni takriban kilomita 700 za mraba, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni mbuga ya wanyama. Mpinzani wangu atauliza: watu hao wote watalala wapi ikiwa tutashikilia vijumba vya chini na viwanja vya nyasi? Je, huu si ubinafsi wa wale waliotangulia kupata makao wanaotaka kuwafungia mlango waliochelewa? Aidha, atasema, jiji linalotambaa hovyo hula mashamba ya kahawa ya Kiambu na kumfanya mfanyakazi apoteze saa tatu kwa siku ndani ya matatu.

Nakubaliana naye katika mengi. Jiji ni lazima lipande juu. Nisichokubaliana nacho ni dhana kwamba msongamano na utulivu ni maji na mafuta. Na ushahidi wangu siutoi Ulaya, nautoa kwetu. Utazame mji wa Lamu, uliotambuliwa kuwa urithi wa dunia mnamo 2001. Nyumba zake za mawe zimebanana kuliko nyumba za Kilimani. Vichochoro vyake ni vyembamba hivi kwamba punda wawili waliobeba mizigo hupishana kwa taabu. Mahali pengine chumba kimejengwa juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, nacho huitwa wikio. Licha ya hayo, anayeingia ndani ya nyumba ya Kilamu hukutana na utulivu. Mgeni hupokewa kwanza kwenye daka lenye baraza, kisha huvuka tekani, na ndipo afike kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu unaoleta mwanga na hewa. Mpito huo wa hatua kwa hatua kutoka kwa umma hadi faraghani ndio unaozuia makelele. Baraza nayo huufanya mtaa uwe sebule ya kila mtu. Waswahili walijenga mji uliosongamana na unaokalika karne kadhaa kabla ya Howard kushika kalamu. Walifahamu kwamba utulivu haupimwi kwa upana wa nyasi bali kwa uhusiano kati ya mlango na njia.

Kwa hivyo swali sahihi haliwi kama tujenge ghorofa au tusijenge. Swali ni kama chini ya ghorofa hizo patabaki mahali pa watu. Jumba la ghorofa nne au tano linalozunguka ua wenye miti, lisilo na barabara kuu mlangoni, na lenye shule ng'ambo ya njia, linaweza kuwa kiunga. Jumba lililojaza kiwanja chake hadi ukutani, ambalo dirisha la chumba kimoja linatazama dirisha la chumba kingine kwa umbali wa mkono, haliwezi, hata likipewa jina la bustani.

Suala hili si la kinadharia. Mitaa ya zamani ya mashariki mwa jiji, kama vile Bahati, Maringo, Jericho na Ziwani, imetajwa kwa miaka mingi katika mipango ya kubomoa na kujenga upya. Mtaa wa zamani wa Pangani ulibomolewa mapema katika miaka ya 2020 na mahali pake pakainuka majumba marefu. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka wa 2024 imemtoza mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake kugharimia ujenzi wa nyumba kote nchini. Nia ni njema, kwa sababu Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila mtu haki ya kupata makao ya kutosha. Hata hivyo, Katiba iyo hiyo, katika Ibara ya 42, inampa haki ya mazingira safi na yenye afya. Haki moja haikuandikwa ili imeze nyingine. Ardhi ya wazi ikishajengwa hairudi. Wanairobi walilifahamu hilo mwaka wa 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walipopigwa kwa sababu ya kutaka kupanda miti katika msitu wa Karura uliokuwa ukimegwa. Karura iliokolewa. Viwanja vidogo vya mitaani, visivyo na mtetezi mwenye jina kubwa, havijapata bahati hiyo.

Hapo ndipo Mwanakiswahili anapoingia. Mtu anapotaka kubadilisha matumizi ya kiwanja mtaani, huwekwa ilani ya kuwaalika wakazi kutoa maoni. Aghalabu ilani hiyo huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria ambacho hata msomi hukisoma mara mbili. Mama anayeuza mboga hatua chache kutoka hapo hupita kila siku bila kujua kwamba anaulizwa. Kisha jengo likianza kupanda tunashangaa kwa nini watu hawakupinga. Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Tumekiimba kifungu hicho katika makongamano yetu. Ni wakati sasa tukipeleke mtaani.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyuoni vichukue jukumu la kutafsiri ilani na muhtasari wa mipango ya mitaa inayotuzunguka, na kuzibandika mahali watu wanapopita. Pili, wanaisimu wetu waandae istilahi za upangaji miji ambazo mkazi wa kawaida atazielewa, wakitumia hazina iliyopo. Lugha yenye daka, tekani, wikio, baraza na kiunga haina sababu ya kukopa kila neno. Tatu, kila mmoja wetu anapotafuta chumba cha kukodi, alitamke lile swali la nne kwa sauti. Wenye nyumba hujenga kile ambacho wapangaji hukiulizia. Tukiendelea kuuliza juu ya vigae na mwangaza pekee, tutapata vigae na mwangaza ndani ya mitaa isiyo na pumzi.

Usipoziba ufa, walisema wahenga, utajenga ukuta. Nairobi imejenga kuta nyingi mno. Nyufa zilizosalia bado ni ndogo: uwanja mmoja hapa, ua mmoja pale, mstari wa miti ambao haujaguswa. Tuzizibe sasa, tena kwa lugha ambayo mtaa mzima utaisikia.